Mkia wa Mizani

Darasa letu liko ghorofani, juu ya duka la matairi,
Hanyuan, mkoa wa Sichuan, ambako hata noti za benki
zinanukia ile pilipili inayotia ulimi ganzi.
Jumanne usiku. Watu tisa, birika moja.
Mwalimu Ouyang, aliyewahi kukata tiketi za treni,
akaandika ubaoni: ponder.

Simu zetu zikawahi kujibu: kufikiri.
"Sivyo," akasema. "Kufikiri mnakujua,
mnafikiri mkiwa kwenye foleni, mnafikiri mkipiga mswaki.
Hiki ni kitenzi chenye mikono."
Akatueleza kilikotoka: Roma ya kale,
pondus, uzito; ponderare, kupima;
kikapita Ufaransa, kikaacha silabi mpakani
kama mtu anayelipa ushuru,
kikaingia Uingereza kikiwa kimezeeka,
hakipimi tena nyama wala shaba,
kinapima mambo.
"Na pauni," akaongeza, "ya fedha na ya sukari,
ni ukoo mmoja nacho."

Mimi ni dereva wa lori la saruji. Nilicheka.
Tani kumi na mbili nazijua; wazo lina kilo ngapi?

Aliyekaa mbele yangu hakucheka.
Fu Cailing, muuza pilipili kavu,
aliinua kiganja kitupu
akakitikisatikisa, kama anayekisia kifurushi.
"Dianliang," akasema. "Hata sisi tunalo.
Unakishika kitu, unakirusha kidogo,
mkono unakiambia kichwa."
Chaki ya mwalimu ikasimama hewani.
Maneno mawili yasiyojuana hata kwa salamu,
na yote mawili yamezaliwa sokoni.

Wakati wa chai akanionyesha simu.
Binti yake, Yunqiu, yuko Leeds, mwaka wa sita sasa.
Alikuwa ameandika Kiingereza,
kwa kuwa jambo zito hutamkika kirahisi
katika lugha ambayo mama yako hakukukanyia:
amepata mtu, anataka kubaki huko,
na mwishoni, peke yake, Ponder, kwa herufi kubwa,
halafu: Mama, tafadhali.

"Siku kumi na moja," Cailing akanong'ona,
"nilidhani ni jina la mwanamume.
Nimeuliza watu: akina Ponder ni ukoo gani?
Wana ardhi? Wanakunywa?
Nimemchukia bwana Ponder hadi nikaota pua yake."
Akacheka, akafuta macho kwa ukingo wa mkono,
na pilipili ikamzidishia machozi.

Jumatano niliegesha lori kando ya soko.
Bado anatumia mizani ya fimbo, ile ya kuning'iniza,
kikombe upande huu, jiwe likiteleza upande ule.
Kule kwetu muuzaji bahili huacha fimbo ilale sawa.
Mkarimu huongeza konzi
mpaka mkia unyanyuke, uelekee paa.

Nikaagiza nusu kilo.
Akapima, akaongeza, akaongeza tena,
macho yake hayakuwa kwangu wala kwenye jiwe.
"Umemjibu?" nikauliza.

Simu ilikuwa juu ya gunia.
Aliitwaa, akairusha kidogo kiganjani,
mara moja, mara mbili,
chombo chepesi kuliko kitunguu.

"Nimepima usiku kucha," akasema.
"Upande wangu nimeweka nyumba, kaburi la baba yake,
kitanda chake ambacho bado natandika.
Upande wake ameweka neno moja tu."

Akanikabidhi mfuko. Nyuma yake
fimbo ilikuwa bado inabembea,
mkia juu.