Nafasi ya Maoni: Mistari Mitatu

Fomu imekuja ndani ya bahasha ya kaki, muhuri wa chuo juu,
na chini kabisa: Maoni ya msimamizi, mistari mitatu.
Mitatu! Kwa wiki nane za Kokushubira.

Ofisi ya maji, Newala. Ilikuwa Julai,
ukungu umekaa barabarani kama mgeni asiyejua kuaga.
Akashuka kwenye basi na begi moja na barua ya utambulisho,
ndala miguuni, meno yanagongana.
"Niliandika kwenye ofisi kumi na saba," alisema.
"Kumi na moja zimesema nafasi zimejaa. Tano zimenyamaza."
Na sisi?
"Ninyi pia hamkujibu. Nimekuja kuchukua jibu."

Kwao Bukoba mvua huja bila kuombwa.
Huku maji hupandishwa kwa umeme kutoka bondeni,
tunayahesabu kama mahari.
Wiki ya kwanza alichemsha chai na kutoa kopi,
akaandika kwenye kitabu chake cha kila siku:
Leo nimejifunza kwamba mashine ya kopi hula karatasi.
Nilicheka. Meneja hakucheka.
Posho hakuna. Chumba elfu thelathini.
Mchana muhogo na chai ya rangi, na hakulalamika,
au alilalamika kwa Kihaya, sijui.

Wiki ya tatu nikampa nondo.
Usiku wa manane, mji umelala:
weka ncha moja kwenye bomba, nyingine sikioni.
Bomba zima hunong'ona.
Linalovuja hufyonza, kama mtu anayekunywa uji wa moto.
"Sisikii kitu, mama." Ngoja.
"Sisikii." Ngoja.
Kisha akainua mkono, hapumui,
na pale alipoonyesha tukachimba,
na pale tulipochimba udongo ulikuwa tope tupu.

Mimi ni Somoe Mnali, fundi bomba daraja la pili.
Chuo sikukanyaga. Nilimbebea spana marehemu Nalinga
miaka minne kabla hajaniruhusu kukaza nati.
Leo fomu inanitaka nimpime msomi:
Nidhamu, kati ya kumi. Ubunifu, kati ya kumi.
Sifa za kitaaluma za msimamizi: ............
Niandike nini? Sikio?

Maana ubunifu, jamani!
Valvu za mji huu zilikuwa kichwani mwangu tu:
ya chini ya kibanda cha muuza korosho,
ya nyuma ya shule, iliyomezwa na mizizi,
ile inayofungwa kinyume kwa sababu Nalinga
aliifunga siku aliyogombana na mkewe.
Yeye alinifuata na daftari, hatua kwa hatua,
akachora. Arobaini na mbili.
Wino mwekundu, wino wa bluu.
Sasa ramani iko ukutani,
vijana wa zamu hawanipigii simu tena.

Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi.
Siku mbili nililala hadi kukakucha.
Ya tatu niliamka saa nane usiku, nikaishika simu.
Kimya.

Leo mchana, akiaga, aliuliza kama kuna ajira.
Nikamtazama meneja. Meneja akatazama dirisha.
Nafasi ya kujifunza haikosekani; ya kula ndiyo hadithi.
Akakunja barua yake ileile, pembe zimechakaa,
akasema asante kwa ofisi nzima, hata kwa mashine ya kopi.

Basi nimeandika mistari yangu mitatu:
Anawahi kazini.
Anasikia.
Arudi.

Limebaki swali la mwisho, la kuweka tiki:
Je, mwanafunzi ameonyeshwa shughuli zote za kituo?
Ndiyo. Hapana.

Valvu ni arobaini na tatu.
Hiyo moja iko nyuma ya choo cha soko la zamani, chini ya jiwe bapa.
Nalinga alinionyesha wiki aliyokufa.
Basi lake linaondoka alfajiri.
Bado nimeshika kalamu.