Hesabu ya Matone

Sista Astrida alinionyesha kwa kidole:
matone kumi, kila baada ya saa nne, usiku pia.
Akafunga chupa, akanipa mkononi,
chupa ndogo ya kahawia, nyepesi kuliko yai,
nikaibeba kutoka hospitali mpaka Katuba
kifuani, kama mtu aliyetumwa moto kwa jirani.

Baba alipima shaba miaka thelathini na moja.
Pale chini ya bomba refu la moshi: mizani yake,
daftari lake, kalamu nyuma ya sikio.
Kosa la kilo moja alilijua kwa macho.
Leo yeye mwenyewe tunamwinua kwa shuka,
mimi upande huu, Kyabu wa jirani upande ule,
na Kyabu, ambaye hana adabu, anasema:
"Mzee, umebaki gunia tu, makala yamekwisha."
Baba anacheka. Kucheka kunamuuma. Anacheka tena.

Mwilambwe anapiga simu kutoka Liège.
Huku, anasema, kuna sheria. Mgonjwa anaomba,
madaktari wanamsikiliza, karatasi inatiwa sahihi,
watoto wanakuja, wanamshika mkono, basi.
Hakuna kupiga kelele. Hakuna harufu.
Nyinyi huko mnamtesa kwa ajili ya rozari.
Umeme ukakatika, na simu yangu isiyoishi bila waya
ikafa nao. Mungu anisamehe, nilishukuru giza.

Usiku ule alilia. Si kilio cha mtu mzima,
kitu chembamba, kama bawaba isiyo na mafuta.
"Ngoie, niache niende."
Chupa mkononi, mshumaa mmoja.
Nilihesabu mpaka kumi
nikasimama hapo, kwenye kumi.
Sitasema uongo: kumi na moja niliiona.
Niliona mpaka tone la mwisho, kwenye sakafu ya chupa.

Asubuhi nilimkuta padri Mbayo nyuma ya parokia
akimwagilia kabichi. Nilitaka anigombeze.
Hakunigombeza. Alisema:
ile mirija ya mjini, mlipoikataa, hamkuua mtu.
Kumfungulia mgeni mlango si kwenda kumwita.
Na akiumia zaidi, Sista amwongezee dawa,
hata kama itamlaza, hata kama siku zitapungua.
Dawa iwinde maumivu. Isimwinde mtu.

Nikauliza: nitajuaje inawinda nini?
Maji yalijaa shimo la kabichi, yakafurika,
yeye bado amenyamaza.
"Mkono wako utajua," akasema,
"na siku nyingine utatamani usingejua."

Sasa ni matone kumi na tano.
Akiamka namwuliza: Baba, unataka kwenda wapi?
Siku moja alisema: kazini, nimechelewa.
Siku nyingine: nje. Tukamtoa na godoro lake
akatazama kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba
mpaka kijiko cha uji kikapoa mkononi mwangu.
Siku nyingine hajibu, ananitazama tu,
nami najua ni wapi, na siwezi kumpeleka.
Naweza kumgeuza ubavu. Naweza kulowesha midomo.
Kyabu anaweza kusema upuuzi wake.
Ni kidogo. Nimekipima, ni kidogo kweli.

Jumapili Mwilambwe alipiga tena.
Nikaweka simu kwenye mto, karibu na mdomo wa Baba.
Baba hakuwa na neno, alikuwa na pumzi tu,
inapanda, inakwama, inashuka.
Nilidhani ndugu yangu atakata.
Hakukata. Dakika tatu. Saba. Salio lake likiisha
kwa kusikiliza mtu akivuta hewa ya Katuba.

Wakati wa dawa ukafika.
Nikahesabu kwa sauti, ili naye asikie:
moja, mbili, tatu,
na kwenye nne, kutoka mbali, sauti iliyokauka
ikaanza kuhesabu nami.