Mmoja Ameuliza Bei

Nilizipiga picha korosho zangu,
pakiti kumi na mbili juu ya kanga ya mama,
nikairusha kutoka Newala.

Adhuhuri haijafika, mia nne wameshacheka.
"Zimeungua kama roho yako."
"Kiwanda cha jikoni!"
Mwingine, simjui, kamtaja hadi marehemu.

Kelele za chura, tunaambiwa.
Lakini kwetu maji ni ya ndoo, ya kununua;
chura mwenyewe tunamsikia simuni tu.

Nikaizima. Nikafagia maganda.
Nikaonja moja:
kweli, imeungua kidogo.

Usiku nikawasha tena,
nikashuka chini, chini, nikiyapita matusi,
na pale, bila kicheko,
Somoe wa Liwale:
"Pakiti shilingi ngapi?"

Kesho napunguza moto.