Kidirisha cha Sahani

Gereza la kaunti, mjini Corliss, Ohio:
mbele nyumba ya sherifu, nyuma seli sita,
kati ukuta mmoja wa matofali.

Orpha Tuttle, mke wa sherifu,
hakuajiriwa na mtu. Alipika.
Maharage, mkate wa mahindi, kahawa chungu
vikapenya kidirishani. Mikono ikapokea;
nyuso hakuziona.
Kwetu mgeni ni siku mbili.
Wake walikaa tisini, na jembe hawakupewa.

Mkono mmoja, wenye kovu la shoka,
ulirudisha sahani imefutwa kwa shati, inang'aa.
Jumatatu moja haukutokea.
Wiki nzima Orpha akapakua
sahani moja ya ziada.

Leo ni makumbusho. Tiketi, dola nne,
hutolewa palepale, kidirishani.
Nikainama.
Nikanyoosha mkono.