Chini ya Mfuniko

Papa Katambwe hakuuliza saa ni ya nani.
Aliipima kiganjani kama anayenunua kitunguu,
akaisogeza sikioni.
"Haijafa. Ina njaa tu."

Kibanda chake kiko Kamalondo, ubavuni mwa duka la vipuri:
meza moja, kioo cha jicho kilichofungwa kwa mpira,
kopo la maziwa lililojaa mishale isiyo na saa.

Nikamwambia tunachokijua nyumbani.
Babu Kisimba alipewa na Kampuni
siku ya kustaafu, mwaka wa sabini na nne,
miaka ishirini na mitano bila kuchelewa hata asubuhi moja.
Shangazi zangu huisimulia hivyo kila matanga,
na binamu yangu Mwilambwe ameshapata mnunuzi
anayelipia hadithi kuliko chuma.

Akaanza na uso. Chapa imelika,
zimebaki herufi tatu na nusu ya taji.
Chini ya sita pameandikwa Uswisi tu,
bila ile T ndogo iliyokuja baadaye.
Tarakimu zilipakwa rangi ya kung'aa gizani;
sasa ni kahawia, meno ya mvuta tumbaku.
"Rangi ya zamani hii, ile yenye sumu.
Na usishangae kama jiwe lake
lilichimbwa hapa hapa, Shinkolobwe,
likaondoka udongo, likarudi mwanga
kwenye mkono wa bwana."
Umeme ukakatika hajamaliza.
Tulikaa gizani tukaitazama.
Haikung'aa hata kidogo.

Kwa tochi ya simu yangu akaigeuza.
Mgongoni, pale jina huchongwa, pamepigwa msasa
duara kwa duara,
kwa subira ya mtu mwenye hofu.
"Kampuni gani inatoa zawadi
halafu inafuta jina?"
Sikuwa na jibu. Akapenyeza kisu,
mfuniko ukalia kama kifundo cha kidole.

Sikujua mafundi huandika humo ndani
kwa ncha ya sindano, asikofika mwenye saa:
mwezi, mwaka, bei, jina la aliyeileta.
Alisoma polepole.
Mwezi wa tatu, hamsini na mbili. Herufi za kuinama, jina la Kizungu.
Mwezi wa kumi na moja, sitini. Faranga arobaini. Mwadi.

Mwadi ni bibi yangu.
Bibi aliyefua mashuka ya watu ng'ambo ya reli
mpaka asubuhi aliyokuta mlango wazi,
kahawa nusu kikombeni, gari halipo,
na mshahara wake wa miezi mitatu
umeondoka nalo.
Hilo husimulia. Kilichobaki mezani hajawahi kukitaja.
Nikaikumbuka picha ya ubatizo wa baba:
mikono ya babu yote miwili mitupu,
na wa kushoto wa bibi umefungwa kitenge
hadi vidoleni.

Nilimkuta Katuba, anachambua sombe.
Nikamwekea saa juu ya ungo.
Hakushtuka. Alifuta vidole kwanza.

"Kuamka, aliamshwa na king'ora, kama wote.
Hii ilikuwa ya kunijulisha mimi
amerudi saa ngapi.
Nikampa alipostaafu,
maana king'ora hakikuwa chake tena.
Yeye akawaambia watu ni ya Kampuni.
Nikamwacha."

Na Kampuni ilimpa nini?

"Mkono," alisema. "Walimpa mkono."

Mwilambwe amepiga simu mara mbili. Sijapokea.
Bibi ameishika saa sikioni, macho kwenye mlima mweusi
wa masalia ya shaba, kule bomba la moshi liliposimama.
"Inasema saa ngapi?"
Saa kumi na mbili na robo, bibi.

"Basi amechelewa," alisema,
akarudi kwenye sombe.