Kwa Panya Aliye Ndooni

Umedumbukia usiku, nadhani kabla ya jogoo wa kina Chilumba.
Ndoo niliifukia mpaka shingoni, kati ya mashina ya muhogo.
Sikutia maji: maji ya Newala hayachezewi,
ndoo moja shilingi mia tano, na kilima juu yake.
Sasa unakwaruza plastiki, kra, kra,
nami nimechuchumaa nakusikia.
Mwanangu kachuchumaa kando yangu. Yeye anakuona tu.

Jana tulikuwa hospitali ya wilaya.
Muuguzi Nandonde alimmulika Zamda sikioni,
akasema ngoma ni nzima, njia ni safi,
ila huko ndani, panapojikunja kama konokono,
uzi unaopeleka habari kichwani umekauka.
Ni homa ile. Au ni sindano zilizoiponya homa.
Hakumumunya maneno, nami nilimshukuru kwa hilo,
baadaye, njiani, si pale.

Kisha akanipa habari zenu.
Kwamba kuna nchi mnalazwa, mnachomwa sindano ya ganzi,
mnapasuliwa nyuma ya sikio kwa kisu kama mwiba,
mnapandikizwa chembe changa pale uzi ulipofia,
kama tunavyochomeka pingili za muhogo;
na waya unawagonga kwa umeme mdogo, tik, tik,
mpaka uzi uchipue, upapase, ukamate.
Na siku moja panya kiziwi, akipigiwa kengele,
sikio lake linacheza.
"Linacheza kiasi gani?"
Akabana vidole viwili, kati yake isingepita punje ya mtama.
"Na watu?"
"Bado, mama Zamda. Bado ni panya."

Sikio la kufa halisikii dawa:
tumekua na neno hilo, tunawatishia nalo watoto wabishi.
Hakuna aliyetuambia liko sikio linalokufa bila ubishi,
la mtoto wa miaka minne aliyeitika "bee"
kabla sijamaliza jina lake.

Nawe huko chini hukuomba kuwa mganga wa mtu.
Wenzio wanatobolewa fuvu kwa ajili ya huyu wangu;
wewe ulifuata tu harufu ya korosho iliyoungua.
Ningekuwa mtu wa ngano ningekufungulia,
ungeniahidi jambo, ungekimbia.
Ila kitoweo cha wiki hii ni ming'oko na chumvi.

Zamda ameshika ukingo wa ndoo.
Unakwaruza, naye anakunja uso.
Anainama, analaza shavu kwenye plastiki,
anabaki hivyo, macho kayafumba.
Kisha ananigeukia, anakwaruza hewa kwa kucha zake:
bila sauti, lakini mwendo ni wako uleule,
haraka yako, na pale unapochoka.

Nimeweka kisu chini.
Si huruma, usijidanganye.
Ni kwamba hajamaliza.
Jua likifika juu ya mkorosho
tutaonana.