Mara ya Mwisho Kuonekana Mzima

Swali la kumi na tisa, ukurasa wa tatu:
Mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi?
Pana visanduku vinne vya tarakimu
na kimoja cha "haijulikani".
Hicho cha mwisho nimekitia alama
nyumba arubaini na moja, tangu Konde.

Hapa Kangagani anayejibu ni Raya,
mwalimu wa hesabu, chaki bado ukuchani.
"Saa sita na nusu. Nilirudi skuli nikamkuta
kalala ubavu, mdomo umekwenda upande.
Anataka kuniita Raya,
kinatoka 'kijiko'."
Hacheki. Nami sicheki.

"Hiyo ni saa uliyomkuta.
Nauliza alipoonekana mzima."

"Alfajiri, basi. Tulisali pamoja.
Baina ya hapo alikuwa peke yake na kofia zake."

Alfajiri hadi saa sita na nusu: saa saba na ushei.
Mwongozo wetu unasema nne na nusu.
Zikipita, ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda
huweza kumvujisha mtu ubongo
badala ya kuuzibua mshipa.

Bi Mize amekaa kwenye busati, anasikiliza.
Mkono wa kulia kaupakata
kama mtoto wa mtu aliyeachiwa amshikie mara moja.

Vidonge vya presha, alikuwa akinywa?
"Siku kichwa kikimgonga."
Na siku hakimgongi?
"Humpa Bi Saumu jirani, naye akigongwa."
Naandika. Kuna kisanduku cha hilo.

Ndipo Bi Mize akapeleka mkono wa kushoto
chini ya mto, akavuta mfuko wa nailoni,
na ndani yake kofia ya viua, haijesha.
Akaniwekea juu ya fomu.

Safu saba: vitobo duara, vimelingana
kama vimehesabiwa na mtu mmoja kwa pumzi moja.
Ya nane inaanza vizuri.
Kitobo cha kumi, sawa.
Cha kumi na moja, uzi unaegemea.
Cha kumi na mbili kimekuwa yai.
Cha kumi na tatu sindano imepita kando,
na baada ya hapo hapana vitobo tena,
ni uzi tu juu ya kitambaa cheupe,
unapanda, unashuka, unapanda.

Hakuacha kushona.

"Vi-fo," akasema Bi Mize.
Raya akashtuka, akamshika bega.
"Vi-fo," tena, akionyesha redio juu ya kabati,
kisha kidole kikashuka
mpaka kitobo cha kwanza cha safu ya nane.

"Matangazo ya vifo," Raya akanifasiria, polepole.
"Saa nne kamili. Kila kitobo dakika tatu."
Nikamwona anazidisha kimoyomoyo, kumi mara tatu,
kama anavyowafunza watoto wa watu,
na nikamwona anapofika kwenye jibu.

Saa nne na nusu.
Naye alimkuta saa sita na nusu.

Hakuniuliza. Alisema mwenyewe, akitazama mlangoni:
"Tulimpaka habasoda. Tukamsomea.
Tulisema ni upepo, utapita.
Spitali tulimpeleka kesho yake, baada ya chai."

Nilitaka kumwambia kwamba siku ile
mashine ya kupiga picha kichwa ilikuwa Unguja,
na boti ilikuwa imeshang'oa,
na dawa yenyewe mimi nimeiona kwenye karatasi tu.
Yote kweli. Nikayameza.
Bi Mize alikuwa akinitazama kalamu.

Nikajaza visanduku vinne.

Wiki ya pili fomu ilirudi kutoka kwa Daktari Mbarouk,
duara la wino mwekundu kwenye swali la kumi na tisa:
Chanzo cha saa hii ni nini?
Nikaandika: shahidi.
Ikarudi: Jina la shahidi?

Nikaandika: Safu ya nane,
kitobo cha kumi na moja.